Pikipiki Ikizima Njiani, Isome Kwanza Ndipo Ushike Spana

Pikipiki nyingi zinazosukumwa hadi kwa fundi zina ubovu ambao ungemalizwa palepale zilipozimia: fyuzi imekatika, kofia ya plagi imelegea, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limeziba. Kinachowaponza watu ni haraka. Injini ikizima tu, kabureta inafunguliwa, sindano ya floti (kivalvu kidogo kinachofunga petroli bakuli la kabureta likijaa) inaangukia majanini, na ubovu mdogo unazaa mkubwa. Kabureta ije mwisho. Kabla yake kuna mengi ya kuangalia ambayo hayahitaji hata spana.

Toa pikipiki nje kabisa ya barabara, mbali na kona. Ekzosi inaendelea kuunguza muda mrefu baada ya injini kuzima, kwa hiyo usipige magoti upande wake. Kisha jiulize: ilizimaje?

Ikiwa ilikatika ghafla kama mtu aliyegeuza ufunguo, tafuta kwenye umeme. Ikiwa ilipungua nguvu taratibu, ikakohoa, ikavuta kidogo tena kisha ikafa, tafuta kwenye mafuta. Ikiwa inazima ikishapata moto na kuwaka tena ikipoa, shuku koili (inayokuza umeme wa plagi), CDI (kisanduku kinachoamua cheche itoke lini), au valvu zilizobana. Na ikiwa ilizima kwa mlio wa chuma kugonga chuma, au gurudumu la nyuma lilijaribu kujifunga, usiipigie kiki tena hata mara moja. Hiyo ni ya kubebwa. Kila kiki baada ya hapo inaweza kugeuza kazi ya pistoni na ringi kuwa kazi ya injini nzima.

Yale ya sekunde 30

Angalia swichi ya kuzimia iliyo karibu na mkono wa mafuta. Hugongwa na glavu au mzigo bila dereva kujua. Angalia stendi ya pembeni, kwa kuwa pikipiki nyingi zina swichi hapo inayozima injini gia ikiingia. Tikisa tangi usikie kama mafuta yapo, na geuza koki ya mafuta iwe kwenye akiba. Kisha washa ufunguo na ubonyeze honi. Honi na taa zikiwa zimekufa pamoja na injini, ubovu uko kwenye fyuzi kuu au vichwa vya betri. Honi ikilia vizuri na injini haitaki, umeme mkuu upo; nenda mbele ukaangalie plagi.

Fyuzi iliyokatika ina sababu yake. Weka nyingine ya namba ileile. Ikiwa ya zamani ni ya ampea 15, mpya iwe 15. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, maana kazi ya fyuzi ni kuungua kabla nyaya hazijaungua, na nyaya za pikipiki zinapita chini ya tangi la petroli. Fyuzi mpya ikikatika mara tu ufunguo ukiwashwa, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Anza kutafuta shingoni mwa usukani, ambako nyaya hupindika kila unapokata kona, halafu chini ya kiti na karibu na taa ya nyuma. Geuza usukani kushoto na kulia ufunguo ukiwa umewashwa. Taa zikipepesa, umeshapata mahali. Funga kwa tepu ya umeme na uuhamishe waya huo usisugue tena.

Moto wa plagi

Vuta kofia ya plagi, pangusa uchafu unaozunguka plagi ili usidondokee ndani ya silinda, kisha ifungue kwa spana yake. Irudishe kwenye kofia, laza mwili wake wa chuma juu ya kichwa cha silinda mahali pasipo na rangi, mbali na tundu la plagi, washa ufunguo na upige kiki. Usiishike kwa mkono. Na isiwe karibu na tundu hilo, kwa sababu mvuke wa petroli hutoka hapo kwa nguvu na cheche inaweza kuuwasha.

Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia ikilia. Ya njano au nyekundu iliyokonda ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, usikimbilie kusema CDI imekufa. Jaribu kwanza plagi nyingine, ndiyo maana plagi ya akiba haipaswi kukosekana chini ya kiti. Bado hakuna? Kwenye pikipiki nyingi ndogo kofia ya plagi imefungwa kwa kuzungushwa kwenye waya wa koili. Izungushe kinyume cha saa itoke, kata milimita 5 za ncha ya waya iliyooza, kisha uizungushe irudi mpaka ishike. Marekebisho haya madogo yameamsha pikipiki nyingi sana zilizodhaniwa zimeungua koili. Baada ya mvua kubwa, toa maji ndani ya kofia na ukaushe kwa kitambaa kabla ya jambo lolote jingine. Yote hayo yakishindikana, chomoa na uchomeke upya soketi za CDI na koili, na hakikisha waya wa ethi umekaza kwenye fremu.

Ukiwa umeishika plagi, itazame rangi yake. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu yenye masizi inasema mafuta yanazidi hewa: chujio la hewa limeziba au choki (ya kuwashia injini baridi) haijarudi. Nyeusi yenye oili inaonyesha ringi au mpira wa valvu umechoka. Nyeupe kama chokaa ni onyo la kuchukulia kwa uzito, kwani hewa inazidi mafuta na injini inachemka kupita kiasi; angalia kama mpira kati ya kabureta na silinda umepasuka. Mwanya wa plagi kwa injini ndogo nyingi za pigo nne ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Kuirudisha, ingiza kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana: mpya nusu mzunguko, iliyokwisha kutumika robo ya nusu hiyo tu. Nyuzi za kichwa cha silinda ni za alumini na zikichanika hakuna dawa ya barabarani.

Mafuta hayafiki

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka baada ya muda mfupi, basi tundu la hewa la kifuniko limeziba: petroli ikishuka bila hewa kuingia nyuma yake, tangi linavuta na mtiririko unakatika. Safisha tundu hilo kwa waya mwembamba. Kama huna, endesha ukilegeza kifuniko kidogo na tangi lisiwe limejaa.

Kisha nenda chini ya bakuli la kabureta. Kuna skrubu ya kutolea mafuta. Kinga chupa angavu, koki ikiwa wazi, uilegeze. Petroli ikitoka kwa mfululizo, njia kutoka tangi hadi bakuli ni nzima. Ikitoka kidogo kisha ikakatika, ubovu uko juu: koki, chujio au mpira uliokunjika. Iache chupa itulie na uitazame chini. Maji hukaa kama shanga chini ya petroli, na hapo unakuwa umelimaliza tatizo kwa kumwaga tu, bila kufungua chochote.

Petroli ikidondoka yenyewe kwenye mpira wa kumwagia, kuna mchanga umezuia sindano ya floti isifunge. Funga koki, gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi, fungua tena. Mara nyingi inaachia. Ikiwa ilivuja usiku kucha, nusa oili kabla ya kuwasha. Oili iliyopanda juu ya alama na kunuka petroli haiwezi kulinda injini, inamwagwa yote.

Injini iliyozama mafuta kwa kiki nyingi inataka hewa: rudisha choki, funga koki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na upige kiki kama kumi.

Ikibidi kweli kufungua kabureta, tandika kitambaa cheupe chini yake kwanza. Jeti, yaani vipande vyenye vitundu vya kupitishia petroli, hupulizwa, hazichokolewi kwa waya. Waya unapanua tundu lenye kipimo cha sehemu ndogo sana ya milimita, na tangu siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta bila sababu inayoonekana. Jeti ndogo ya silensa, ile ya mwendo wa chini, ndiyo huziba zaidi. Dalili yake ni injini kukubali kwa choki tu na kufa ukiiachia. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, izungushe iingie taratibu ukihesabu mizunguko, uandike, na uirudishe hivyohivyo.

Kwa pikipiki isiyo na kabureta, washa ufunguo na usikilize pampu ndani ya tangi: hunguruma sekunde 2 au 3 kisha hunyamaza. Kimya tangu mwanzo ni fyuzi, soketi au pampu yenyewe. Taa ya injini ikipepesa kwa mpangilio, hesabu mipepeso, kwa kuwa kitabu cha pikipiki kina maana zake.

Pancha

Hapa ndipo uvumilivu unalipa. Legeza nati ya ekseli gurudumu likiwa bado chini, toa gurudumu, na upange bushi zake chini kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Toa hewa yote na nati ya valvu. Kanyaga tairi mpaka lidondoke kwenye bonde la katikati ya rimu pande zote. Hiyo ndiyo siri ya kazi nzima: upande mmoja ukiwa ndani ya bonde, upande wa pili unapata ulegevu wa kupanda juu ya ukingo. Anayetumia nguvu kubwa hajalikandamiza tairi vya kutosha, na ndiye atakayetoboa tyubu kwa vyuma vyake mwenyewe. Anza kung'oa karibu na valvu, kidogo kidogo.

Ukishapata tundu la tyubu, lifananishe na mahali pake kwenye tairi na upapase ndani kwa uangalifu. Msumari au mwiba uliobaki utatoboa tena kabla hujafika mbali. Matundu mawili madogo yaliyo sambamba si mwiba. Hayo ni tyubu kubanwa na rimu kwa upepo mdogo.

Kwangua tyubu kwa msasa, eneo kubwa kuliko kiraka. Paka gundi nyembamba, usubiri mpaka isinate ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Watu hubandika ikiwa mbichi, na kiraka kinateleza tyubu ikipata joto. Bandika, sugua kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Tia upepo kidogo tyubu iwe na umbo tu, irudishe, na umalizie kupandisha tairi kwenye valvu, ukiisukuma valvu juu kwanza ili tyubu isibanwe.

Cheni na kebo

Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi za barabarani, ukipima katikati ya mstari wa chini. Zungusha gurudumu upate mahali ilipokaza zaidi, upime hapo. Ikiruka, zima injini mara moja, kwa sababu ikijikunja kwenye sproketi ya mbele inaweza kuvunja kava la injini. Kiungo cha kuunganishia kina klipu, na upande wake uliozibwa utazame mwendo wa cheni. Upande huo ukielekea kinyume, jiwe moja linaweza kuing'oa klipu. Alama za kukazia pande zote mbili ziwe sawa, na ukimaliza angalia kanyagio la breki ya nyuma, maana gurudumu limesogea.

Waya wa klachi ukikatika unaweza kufika nyumbani. Washa injini ikiwa fri, sukuma pikipiki mpaka iende, panda, na uingize gia ya kwanza huku ukiwa umeachia mkono wa mafuta. Gia nyingine ingiza kwa kulegeza mafuta kwa nukta moja na kugusa kanyagio. Kabla ya kusimama, tafuta fri mapema. Njia hii ni ya barabara tupu. Penye msongamano, sukuma.

Betri inayokufa kila siku si lazima iwe mbovu. Iliyojaa ina volti 12.6 au zaidi injini ikiwa imezimwa. Washa, pandisha mlio hadi wa kati, upime tena: 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Isipopanda, magneto (inayozalisha umeme) au rektifaya (inayougeuza ufae betri) haichaji, na betri mpya itakufa vilevile. Ikipita 15, rektifaya inaichemsha betri.

Breki ni habari nyingine kabisa. Lever ikizama mpaka kwenye mpini baada ya kupoteza maji ya breki, usijaribu kuyajaza na kuendelea. Pedi zilizoingia oili hazisafishiki kwa petroli wala kwa msasa, zinabadilishwa. Kwa hali hizo mbili, pikipiki inapakiwa kwenye gari hata kama injini inanguruma vizuri.