Shangazi, darasa langu limeninyamazia

*Shangazi, nafundisha Hisabati kidato cha pili, shule ya kata. Nilipotoka likizo ya uzazi nilikuta wanafunzi zaidi ya themanini ambao hawaniitikii. Nikiuliza swali wanatazama madawati. Wa nyuma wanalala. Nimefoka, nimechapa, sasa hata wale waliokuwa wananyoosha mikono wameacha. Nahisi wananichukia.*

Mwalimu wangu, pole, na hongera kwa mtoto.

Sidhani kama wanakuchukia. Mtoto anayemchukia mwalimu humpigia kelele akigeukia ubao. Hawa wako wanaogopa, na wana sababu. Walisoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta kila kitu ni Kiingereza. Halafu wewe ukaondoka, na najua shule zetu: mara nyingi hapakuwa na wa kushika vipindi vyako. Siku 84 zile ni haki yako, usizijutie hata moja. Ila wao wamezikalia bila mwalimu, na mwisho wa mwaka kuna upimaji wa kitaifa ambao anayeshindwa hukariri kidato. Waambie hivyo hivyo, kwa Kiswahili, umesimama mbele yao: "Mlibaki bila mwalimu, haikuwa kosa lenu, tutakwenda pamoja." Hakuna aliyewaambia.

Fimbo iweke chini leo. Kanuni za Tanzania za 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zimeiacha kwa makosa makubwa ya nidhamu, tena mkononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, viboko visizidi vinne. Kukosa jibu la hesabu si utovu wa nidhamu. Ukimchapa mmoja kwa kukosea, wengine themanini wamejifunza kwamba kunyamaza ndiko salama, na hicho ndicho unachokiona sasa.

Kesho gawa vipande vya karatasi. Kila mmoja aandike, bila jina, ni wapi Hisabati ilianza kumshinda. Usishangae wengi wakitaja sehemu na desimali za shule ya msingi. Anzia hapo. Najua silabasi inakukimbiza, lakini kumaliza mada ambazo hakuna aliyezielewa hakumsaidii mtu.

Kisha badilisha namna unavyouliza. Ukiandika 3x + 500 = 3500 na kusema "solve for x", utapata ukimya uleule. Waambie: Asha amenunua madaftari matatu na kalamu ya shilingi 500, amelipa shilingi 3,500, daftari moja ni bei gani? Wape dakika mbili wajadiliane na wenzao wa dawati, kwa Kiswahili, ndipo uulize. Anayejibu hapo anasema "sisi tumepata", na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtoto wa miaka kumi na minne mbele ya wenzake. Wakipata elfu moja, andika ule mlinganyo, waoneshe kwamba wameshaukokotoa, na uwape maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye karatasi ya mtihani. Akikosea mtu, muulize amefikaje pale. Mara nyingi utakuta hatua mbili za kwanza ziko sawa. Zisifie hizo kwa sauti.

Wale wanaolala usiwaamshe kwa aibu. Mmoja mmoja, nje ya darasa, uliza anatoka wapi na amekula nini. Wapo wanaoamka alfajiri na kutembea mwendo mrefu, wakakaa hadi mchana na njaa. Usingizi wao haukuhusu wewe. Zungumza na mwalimu wa malezi, na kama kamati ya wazazi haijapanga uji, lipeleke jambo hilo kwa mkuu wa shule.

Themanini huwezi kuwafikia kwa wiki moja. Chukua madaftari ya dawati moja kila siku, andika ndani sentensi moja yenye jina la mtoto. Anza na dawati la nyuma kabisa.

Niandikie tena muhula ukiisha, unieleze wale wa nyuma wanaendeleaje.

Shangazi