Hatimkato: usilipe ada ya "kasi kwanza"

Mdogo wangu wa Wete, usilipe! Umeuliza kuhusu ada, kompyuta ya kununua na cheti, lakini mimi nimekwama pale uliposema mwalimu wa hatimkato wa Chake, yaani mwandiko wa alama fupi wa kunasa maneno yanapotamkwa, anakuahidi maneno 100 kwa dakika ndani ya miezi mitatu, ati "kasi kwanza, kusoma ulichoandika baadaye". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na yalinikosesha kazi.

Hatimkato tuliyosomeshwa ni ya Mwingereza Isaac Pitman, ya tangu 1837. Humo P na B ni mchoro mmoja: mwembamba P, mnene B. T na D vivyo hivyo, K na G, F na V. Irabu ni nukta na vistari vya pembeni, na ukikimbizwa ndivyo vinavyoachwa mwanzo. Mwalimu wetu akatuacha tuandike kwa biki, ambayo haitoi mstari mnene hata uikandamize vipi! Kila siku imla, saa mkononi, madaftari yanajaa. Hakuna siku aliyosema, "Haya, nisomee."

Kwenye usaili niliandika imla yote, sikuachwa hata neno. Nikakaa kuichapa: hapa ni "pata" au "bata"? Ni "analipa" au "unalipa"? Na ilikuwa barua ya malipo. Muda ukaisha nimechapa nusu. Na mwalimu wangu yule hadi leo anapokea ada za wazee waliouza karafuu ili watoto wao wasome. Linaniuma sana.

Basi shika hili: usiandike mstari ambao hutousoma na kuuchapa siku hiyo hiyo. Chukua penseli laini, fungua taarifa ya habari ya ZBC, andika dakika moja tu, zima. Soma kwa sauti. Pasiposomeka, tia irabu, rudia, kisha chapa. Kweli, matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakitaka maneno 100 kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, lakini anayekusaili hatazami daftari lako, anatazama ulichochapa.

Kuchapa kwenyewe: vidole vya shahada juu ya F na J, pale penye vipele, na macho yabaki kwenye daftari.

Na huyo mwalimu, kabla hujampa hata shilingi, mwambie akusomee ukurasa mmoja wa imla aliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita.