Mlango wa benki ukifungwa: maswali yenu kuhusu Marekani ya karne ya 19

Niligusia hapa jinsi watu wa miji ya Marekani walivyokuwa wakikimbilia benki kutoa hela zao katika karne ya 19, na maswali yamekuja mengi. Nayajibu haya.

Benki ikifunga mlango, ndiyo imefilisika?

Si lazima, na hapa ndipo wengi hukosea. Benki inaweza kuwa na mali kuliko madeni yake yote na bado ikakosa noti za kuwalipa watu mia mbili waliopanga foleni asubuhi moja. Mali yake ni mikopo iliyo mikononi mwa wakulima na wenye maduka, na mkulima humwambii arudishe leo hela ya mahindi ambayo bado yako shambani. Basi tangazo hubandikwa mlangoni, mkaguzi wa serikali anakuja kupekua vitabu, na baada ya wiki kadhaa ama mlango unafunguliwa ama funguo anakabidhiwa mfilisi. Mwaka 1893 benki 158 zenye leseni ya serikali kuu zilisimamisha malipo. Kati yake 86 zilifungua tena.

Kwa nini Denver iliumia vile mwaka huo?

Denver ni mji wa jimbo la Colorado, na Colorado iliishi kwa madini ya fedha (silva). Mwishoni mwa Juni 1893 serikali ya India, chini ya Waingereza, iliacha kupokea madini ya fedha ya kila aliyeyaleta na kumfulia sarafu za rupia, rupia zilezile zilizokuwa zikitumika Unguja na Mombasa. Bei ya madini hayo ikaporomoka, migodi ikafungwa, wachimbaji wakateremka Denver bila kazi. Katika siku tatu, tarehe 17 hadi 19 Julai, benki 12 za mji huo zilifunga milango. Baadhi zilirudi kazini baadaye.

Hela za benki ya mji mdogo zilikuwa wapi hasa?

Sehemu kubwa ilikuwa mbali. Sheria ya 1864 iliitaka benki ya mji mdogo iweke akiba ya senti 15 kwa kila dola, lakini iliruhusu senti 9 kati ya hizo zikae katika benki za miji mikubwa, ambako zilizaa riba. Nyingi ziliishia New York, na benki za huko zikawakopesha madalali wa hisa. Kwenye sefu ya mji wenu zingeweza kubaki senti 6 tu. Kisha ikifika msimu wa mavuno, kila mtu anataka noti kwa wakati mmoja: za kulipa vibarua, za kununua ngano, za kusafirisha. Kampuni ya benki ya Jay Cooke ilipoanguka Septemba 1873 kwa mzigo wa kugharamia reli ya Northern Pacific, benki za New York zilibana noti zao, na miji ambayo watu wake hawajawahi kununua hisa hata moja ikakauka.

Wenye benki waliwatulizaje watu?

Kwa kuwaonyesha. Mwaka 1893 huko Los Angeles, Isaias Hellman alipanga sarafu za dhahabu mafungu kwa mafungu mahali ambapo kila aliyeingia aliziona. Watu hawakuwa na haja ya kuzichukua. Walitaka kujua zipo.

Lakini kuonyesha kunaweza kuwa ulaghai. Katika jimbo la Michigan, baada ya sheria ya 1837 iliyomruhusu karibu yeyote kufungua benki, wakaguzi walikuta masanduku yenye sarafu juu na misumari na vioo chini. Sarafu hizohizo zilikuwa zikihamishwa kutoka benki moja hadi nyingine zimtangulie mkaguzi. Huwa nasikia watu wakicheka kisa hiki. Mimi namfikiria mkulima aliyeuza ng'ombe wake akalipwa kwa noti za benki ile.

Mji uliishi vipi bila noti?

Kwa karatasi za muda. Benki za mji ziliungana kutoa hati zilizodhaminiwa na mikopo ya wote, mwajiri akalipa nazo mishahara, duka likazipokea. Kwingine watu waliendelea kwa mkopo wa dukani tu.

Nani aliumia zaidi?

Waliojiwekea akiba ya senti. Freedman's Savings Bank ilianzishwa Machi 1865 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na mtu aliweza kuanza na senti 5. Wengi waliamini ni benki ya serikali. Mwaka 1870 Bunge lililegeza masharti, ikaanza kukopesha kwa dhamana ya viwanja na majengo. Mwenyekiti wa kamati yake ya fedha alikuwa Henry Cooke, ndugu wa yule Jay Cooke. Machi 1874 alichaguliwa Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, kuwa rais wa benki, akaikopesha dola 10,000 zake kabla hajajua hali ilivyo. Mwishoni mwa Juni ilifungwa, ikiwa na wateja 61,144 na amana karibu dola milioni 3. Haikufunguliwa tena.

Malipo yalitoka kidogo kidogo hadi 1883, jumla senti 62 kwa dola, na ili uyapate ilibidi kitabu chako cha akiba kifike Washington. Wengi hawakupata kitu. Nasema kwa uchungu kwamba hakuna nilichosoma katika historia ya benki kinachoniumiza kama hiki.

Daftari za matawi zimebaki, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Mtu alipofungua akaunti, karani aliandika jina lake, mara nyingi na la bwana wake wa zamani, la shamba alilotumikishwa, ya wazazi, ya watoto, ya ndugu waliouzwa. Wajukuu na vitukuu vyao huzifungua leo kutafuta majina hayo.