Je, nibadilishe darubini yangu kwa ile ya 100x180?

Swali: Fundi, habari za kazi. Napeleka wageni kwa boti kutazama ndege kuzunguka Kisiwa cha Saanane, mara nyingi alfajiri. Nina darubini ya 8x42 niliyoachiwa na mgeni. Mjini nimeona nyingine imeandikwa 100x180, lenzi zake nyekundu, na muuzaji anasema inavuta mpaka Ukerewe. Niuze hii ya zamani nichukue hiyo?
*Msomaji, Igoma, Mwanza*

Jibu: Usiuze, ndugu yangu. Hiyo 8x42 ndiyo darubini ya kazi yako.

Swali hili linanifikia kila mara na kosa ni lile lile: watu wananunua namba. Namba ya kwanza, 100, ni mara ngapi inakuza. Hiyo 180 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Yaani sentimita 18 kila upande, lenzi mbili pana kama sahani. Uliyoiona wewe bila shaka inaingia kwenye mfuko wa koti. Namba zimechapwa tu juu ya plastiki.

Nenda dukani na rula. Ishike darubini mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze kwenye anga jeupe (si kwenye jua, kamwe). Pale pa kuwekea jicho utaona kiduara cha mwanga. Kipime, kisha upime lenzi ya mbele, ugawanye ya mbele kwa kiduara: jibu ndilo mara inazokuza kweli. Yako itakupa 42 kwa 5 na kidogo, jibu ni 8. Kijana mmoja aliniletea "100x180" yake tukaipima pamoja hapa mezani: lenzi milimita 22, kiduara karibu 3. Inakuza mara 7 na ushee! Alinyamaza muda mrefu, maana ilikuwa akiba yake ya miezi.

Na hata ingekuwa mara 100 kweli, ungeifanyia nini kwenye boti? Mtetemeko wa mkono unakuzwa pamoja na ndege. Mara 10 tu, wimbi likipiga, furukombe aliyetulia juu ya mti anarukaruka kama yumo ndani ya chekecheke. Tena kiduara kile ndicho mlango wa mwanga. Alfajiri mboni ya jicho imepanuka. Kiduara cha milimita 5 kinaitosha, cha milimita 2 kinakuachia giza. Ndiyo sababu mabaharia wameizoea 7x50, yenye kiduara cha milimita 7 hivi. Ule wekundu wa lenzi nao unarudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo tumbo la furukombe, lile la kahawia yenye wekundu, mgeni wako ataliona limefifia.

Lakini kinachoniumiza zaidi ya fedha ni macho. Nyingi ya darubini hizi mabomba yake mawili hayaelekei mahali pamoja. Macho yanahangaika kuunganisha picha mbili, na baada ya dakika chache kichwa kinagonga. Mtu anaamini macho yake ndiyo mabovu, anakwenda kununua miwani ya barabarani bila kupimwa. Nimewaona wengi. Wengine wanampelekea fundi wa simu aifungue "airekebishe", prizimu (vile vioo vya ndani vinavyogeuza mwanga) zinahama, basi imekwisha hiyo. Kabla ya kulipia darubini yoyote, hata ya bei kubwa, tazama ukingo wa paa la mbali, kisha isogeze taratibu mbali na uso. Ukingo ukionekana upande mmoja uko juu na mwingine chini, irudishe. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Hiyo yako usiifungie kwenye begi ikiwa na unyevu wa ziwa. Ukungu ukiota ndani ya lenzi unakula kioo, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Ianike kivulini kila ukirudi, halafu fedha uliyotenga nunua mkanda wa shingoni unaoelea.