Maswali Yenu: Nani Aliubeba Ubingwa wa Kikapu Peke Yake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na kaka yangu hatusikilizani tangu Ijumaa. Yeye anashikilia kwamba Dirk Nowitzki ndiye mchezaji pekee aliyeipa timu yake ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, bila nyota mwingine wa kumsaidia, nami namwambia kwamba LeBron James wa mwaka 2016 hana mpinzani. Tumekubaliana kuwa utakalosema wewe ndilo litakalosimama. (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie na kaka yako salamu, ingawa nachelea kwamba jibu langu halitampendeza yeyote kati yenu.

Tuanze na maana ya "peke yake", kwa sababu uwanjani huwa wako watano, na hata nyota mkubwa hupumzishwa benchi dakika kadhaa. Kipimo changu ni hiki: je, katika timu ile kulikuwa na mchezaji mwingine ambaye, kama angehamia kwingine siku ile ile, angekuwa tegemeo la kwanza huko? Akiwapo, basi tunazungumza juu ya watu wawili, hata kama mmoja aling'ara zaidi.

Kwa kipimo hicho LeBron anatoka mapema, na nasema hivyo nikiwa namvulia kofia. Katika fainali ya 2016 dhidi ya Golden State Warriors aliongoza wachezaji wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi za kikapu), mipira iliyopokonywa na mitupo iliyozuiwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake katika mfululizo wowote wa mtoano. Cleveland, timu yake, walikuwa nyuma kwa michezo 3–1, na bingwa ni wa kwanza kushinda minne, wakashinda 4–3. Lakini katika mchezo wa tano, uliowarudisha hai, LeBron alifunga pointi 41 na mwenzake Kyrie Irving naye akafunga 41. Na katika mchezo wa saba, matokeo yakiwa 89–89 na chini ya dakika moja imebaki, aliyetupa ule mtupo wa pointi tatu mbele ya uso wa Stephen Curry wa Warriors alikuwa Irving. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita msindikizaji. Ukitaka kumwona LeBron akiwa peke yake kweli, mtazame mwaka 2007, alipofunga pointi 25 za mwisho za Cleveland katika mchezo wa tano dhidi ya Detroit Pistons na kumaliza na 48. Aliifikisha timu fainali, na huko San Antonio Spurs wakawafagia 4–0.

Kaka yako ana hoja nzito zaidi. Mwaka 2011 Dallas Mavericks, timu ya Nowitzki, hawakuwa na nyota mwingine aliyekuwa katika ubora wake. Mwenzake Jason Kidd alikuwa na umri wa miaka 38. Mbele yao walisimama Miami Heat wenye LeBron, Dwyane Wade na Chris Bosh. Nowitzki aliumia kano ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto katika mchezo wa kwanza, kisha katika mchezo wa pili, Dallas wakiwa wametoka nyuma kwa pointi 15 katika dakika saba za mwisho, akafunga kikapu cha ushindi kwa mkono ule ule. Mchezo wa nne aliucheza akiwa na homa na akafunga pointi 21. Mimi nilikuwa karibu kumpa taji hili, mpaka nilipourudia kuutazama mchezo wa sita. Katika nusu ya kwanza Nowitzki alitupa mara 12 na kupata kikapu kimoja tu, hali ambayo kwa nyota aliye peke yake ni msiba; na bado Dallas walikwenda mapumziko wakiongoza 53–51, kwa sababu Jason Terry, ambaye kwa kawaida alianzia benchi, alikwisha kufunga pointi 19. Nowitzki alizinduka baada ya mapumziko na Dallas wakashinda 105–95, lakini ule usiku wa kombe lenyewe alibebwa kwa dakika 24, naye mwenyewe asingelikataa hilo.

Nitakayemtaja mimi ni Hakeem Olajuwon wa Houston Rockets, mwaka 1994. Alizaliwa Lagos, akacheza mpira wa mikono na kudaka golini katika soka kabla hajaujua mpira wa kikapu, na ukitazama namna alivyogeuka chini ya goli, bega likienda kulia na mguu ukiwa tayari umekwenda kushoto, utaona kwamba miguu ile haikufundishwa Marekani. Msimu huo alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi, beki bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, na hakuna mwingine aliyewahi kuzipata tuzo hizo tatu katika msimu mmoja. Alikuwa na wastani wa pointi 27.3 kwa mchezo. Aliyemfuatia katika timu yake, Otis Thorpe, alikuwa na 14.

Fainali yake dhidi ya New York Knicks haikuwa nzuri kwa macho. Ilifika mchezo wa saba, na katika michezo yote hiyo hakuna timu iliyofikisha pointi 100. Knicks walikuwa na Patrick Ewing, senta (mchezaji mrefu wa chini ya goli) aliyezuia mitupo 30 katika mfululizo ule, na walikuwa mabingwa wa kusukumana. Mchezo wa sita ndio uliobaki akilini mwangu. Knicks wanaongoza kwa michezo 3–2. Houston wanaongoza mchezo wenyewe 86–84. Zimebaki sekunde zisizozidi sita, na mpira uko kwa John Starks, ambaye amekwisha kufunga 27 na mikono yake inawaka. Ewing anamwekea kizuizi, Starks anazunguka kushoto nje ya mstari wa pointi tatu na kuruka. Ukiingia, New York ni mabingwa. Olajuwon, senta ambaye kwa haki alipaswa kuwa ndani akimlinda Ewing, anamwacha mtu wake, anatoka mbio hadi nje ya mstari na kunyoosha mkono. Katika marudio ya polepole utaona mpira ukizigusa ncha za vidole vyake tu, kiasi cha kuupotezea njia. Siku tatu baadaye alifunga pointi 25, akadaka ribaundi 10 na kutoa asisti 7, Starks akapata vikapu 2 katika mitupo 18, na Houston wakachukua kombe kwa 90–84.

Sikatai kwamba Vernon Maxwell alifunga 21 katika mchezo huo wa mwisho, wala kwamba Sam Cassell, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, alitupa mtupo mzito wa pointi tatu mwishoni mwa mchezo wa tatu kule New York. Hata hivyo, hao walitupa wakiwa wazi kwa sababu walinzi wawili walikuwa wamekwisha kumkimbilia Olajuwon. Mwaka uliofuata Houston walitetea ubingwa wao, lakini Clyde Drexler alikwisha kuwasili katikati ya msimu, kwa hiyo ule wa 1995 mimi siuhesabu.

SWALI: Jambo Mwalimu. Huku kwetu husemwa kwamba mwaka 2001 Allen Iverson aliifikisha Philadelphia fainali akiwa peke yake. Mbona Dikembe Mutombo wetu hatajwi? (Msomaji, Lubumbashi, Kongo)

JIBU: Jambo sana, ndugu yangu, na lalamiko lako ni la haki. Iverson alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa roho, na mchezo wa kwanza wa fainali ile, alipofunga pointi 48 mjini Los Angeles na kuwapa Lakers kipigo chao pekee katika mtoano wote wa mwaka huo, umewafanya watu wasahau mengine yote. Sasa tazama tuzo za msimu ule: mchezaji bora alikuwa Iverson, beki bora alikuwa Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeletwa kutoka Atlanta mwezi Februari, mchezaji bora wa akiba alikuwa Aaron McKie, kocha bora alikuwa Larry Brown. Wote wanne walikuwa wa Philadelphia! Timu yenye tuzo nne kati ya kubwa za ligi inaitwaje timu ya mtu mmoja?

Kazi aliyopewa Mutombo katika fainali ilikuwa ya kumsimamia Shaquille O'Neal, nayo haikuwa na shukrani. O'Neal alikuwa na wastani wa pointi 33, Lakers wakashinda 4–1, na watu wakamkumbuka Iverson aliyekuwa akikimbia huku Mutombo akipigwa viwiko vya kifua. Mutombo aliaga dunia mwezi Septemba 2024, na naona wengi wangali wanamkumbuka zaidi kwa kile kidole alichokitikisa kila alipozuia mtupo.

SWALI: Je, imewahi kutokea mchezaji wa timu iliyoshindwa akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mara moja tu. Ni Jerry West wa Lakers, mwaka 1969, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Alikuwa na wastani wa takriban pointi 38 kwa mchezo, na Boston Celtics wakashinda 4–3.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha timu ya shule ya sekondari. Nina kijana mmoja mrefu mwenye kipaji, wengine ni wa kawaida kabisa. Je, nimpe mipira yote? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Mpe, lakini fikiri kwanza wapi atakapoipokelea. Houston ya 1994 ilimweka Olajuwon chini karibu na goli na kuwatawanya wengine nje ya mstari, na msimu ule hakuna timu iliyotupa mitupo mingi ya pointi tatu kuliko wao. Mpango huo uliwafaa kwa sababu sheria za NBA za wakati ule zilikataza ulinzi wa zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu: beki alitakiwa ama amlinde mtu wake, ama aende moja kwa moja kumsaidia mwenzake, wala hakuruhusiwa kuning'inia katikati akivizia. Zoni iliruhusiwa kuanzia msimu wa 2001–02. Wewe unacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo zinairuhusu, kwa hiyo wapinzani wako watajaza watatu chini ya goli, na kijana wako akisimama pale mpira hautamfikia, au utamfikia akiwa amekwisha kubanwa.

Mtoe hadi kwenye mstari wa mitupo huru, katikati ya zoni, ageuke kulitazama goli kila anapopokea. Waweke wawili kwenye pembe na wawili juu, mbali na goli. Mazoezini mletee walinzi wawili kwa pamoja, na asiruhusiwe kudunda mpira hata mara moja: ama atupe, ama aachie kwa aliye wazi kabla wa pili hajamfikia. Wale wa pembeni nao wafundishe kukunja magoti na kuweka viganja tayari kabla ya pasi kutoka, kwa sababu wakingoja kujiandaa baada ya kuudaka, mlinzi atakuwa amekwisha kurudi.