Bendi Isiyofifia: Kwa Mdogo Wangu Aliyeambiwa Jaribio Lake Limekufa

Juzi usiku nilipata ujumbe: "Dada, shikamoo. Nimeweka mimea kwenye mwanga mkali saa tatu nzima, protini ya D1 iko vilevile. Msimamizi wangu anasema jaribio limekufa. Nifanyeje?"

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, mbele ya watu.

Nilikuwa nakuza Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, kwenye mwanga hafifu, mikromoli 120 za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde, kisha naihamishia kwenye 1,500. Jua la mchana lisilo na wingu hufika karibu 2,000, kwa hiyo sikuwa naitesa kupita kiasi. Nilitegemea D1 ipungue, maana ipo katikati ya fotosistemu ya pili, mtambo wa jani unaotumia nishati ya mwanga, na ndiyo huumia kwanza mwanga ukizidi. Nikasaga majani, nikaendesha jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, nikaweka kingamwili inayoshika D1 ili ionekane kama mstari, yaani bendi. Bendi ikatokea karibu na kilodaltoni 32, ukubwa wa D1, nyeusi, nene, sawasawa na ya mimea iliyobaki kwenye mwanga hafifu. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, ya tano. Kwenye kikao cha maabara nikaulizwa kama najua kutumia pipeti, kifaa cha kupimia vimiminika vidogo. Watu wakacheka. Mpaka leo nikishika pipeti nakumbuka kicheko kile.

Miezi mingine naipita tu, haina cha kusimulia.

Siku moja nikapima mng'ao wa klorofili, kipimo kinachoonyesha fotosistemu ya pili inafanya kazi vizuri kiasi gani. Jani lenye afya lililokaa gizani nusu saa husoma karibu 0.83. Langu lilisoma 0.58. Jani limeumia, lakini D1 haijapungua! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa natazama nyumba inayovuja huku fundi yuko juu ya paa anabadilisha bati. D1 iliyoharibika hukatwakatwa na vimeng'enya vya FtsH, mpya ikatengenezwa na kupachikwa palepale. Mwanga ukiongezeka, kazi hiyo nayo huongezeka. Jeli huonyesha kiasi kilichopo tu; haionyeshi ngapi zimekufa na ngapi zimezaliwa.

Nikamwondoa fundi. D1 hutengenezwa ndani ya kloroplasti yenyewe, sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, kutokana na jeni ya psbA iliyo humohumo, na antibiotiki ya linkomaisini huzuia utengenezaji huo. Nikakata majani, nikazamisha vikonyo kwenye maji yenye dawa hiyo, nikawasha taa ileile. Saa ya kwanza bendi ikafifia. Saa ya tatu ilibaki kama kivuli cha penseli. Nililia pale maabara, na sioni haya kusema.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka kuchapisha makala na kuitwa daktari kama nilivyotaka mimi. Weka kontroli, yaani kundi la kulinganishia. Kabla hujakubali kwamba jaribio limekufa, weka kontroli. Usikubali kicheko cha mtu kiwe matokeo yako. Aliyenicheka hakuwahi kuniuliza swali moja tu: ulizuia utengenezaji? Mwalimu asiyeuliza hivyo anamwonea mwanafunzi, na hili nalisema nikiwa na uchungu.

Ukipata mbegu za npq4, zipande pia. Ni mimea isiyo na PsbS, protini inayosaidia jani kumwaga mwanga wa ziada kama joto. Maabara ya mtafiti Krishna Niyogi ilionyesha hivyo mwaka 2000. Ukiiweka pembeni ya mimea ya kawaida utajua mzigo ulipunguzwa kiasi gani kabla D1 haijaguswa.

Mdogo wangu, marahaba. Kesho tengeneza makundi manne: mwanga hafifu bila dawa, hafifu na dawa, mkali bila dawa, mkali na dawa. Pima joto la jani chini ya taa, lisije likakudanganya. Chukua sampuli kila saa, zigandishe papo hapo kwenye naitrojeni ya maji. Jeli ikiwa tayari nitumie picha, hata kama ni saa nane usiku.