Sauti ya kanisani na sauti ya nyumbani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha maombi kanisani kwetu. Juzi nilimkuta binti yangu wa miaka saba akicheza "kuwa mama". Kajitanda kitambaa kichwani, kafumba macho, anaomba kwa sauti ya kutetemeka. Mara akamgeukia mwanasesere wake: "Wewe mjinga, nimekuambia mara ngapi?" Hayo ndiyo maneno ninayomwambia dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Tena mshahara wake wa miezi miwili sijamlipa, ilhali zaka yangu haijawahi kuchelewa. Nikiwa peke yangu siombi tena, maneno yamekauka. Nataka nijiuzulu, na Jumapili nisimame mbele ya waumini wote nitubu. Nishauri.*
*Mama wa Sauti Mbili*

Marahaba, mwanangu.

Neno la Kigiriki ambalo Injili inalitumia kwa mnafiki lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani. Kwa hiyo binti yako alikuwa anamwigiza mwigizaji, na inaonekana kaiweza sehemu yake! Usimkaripie. Hakukusengenya, amekuonyesha tu anachokiona kila siku.

Ila huo mpango wako wa Jumapili unanitia wasiwasi. Nakuona kabisa: utasimama, utalia, watu watakukumbatia, na hadi jioni sifa zitakuwa zimeenea jinsi ulivyo mnyenyekevu. Hapo utakuwa umepanda jukwaa lilelile. Waumini hujawaita wajinga. Uliyemwita hivyo yuko jikoni kwako, na huyo hata hukusema kama umepanga kumwomba radhi.

Fungua Mathayo 5, mstari wa 23 na wa 24. Yesu anasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale, ukapatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Wengi tunaishia kwenye "kapatane". Wewe lisome na lile la "urudi", maana linajibu habari ya kujiuzulu: hakuna aliyekufukuza madhabahuni, umepangiwa tu pa kuanzia.

Basi anzia kwenye mshahara. Yakobo anaandika katika sura ya 5 kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe, na vilio vya wenye ujira huo vimefika masikioni mwa Bwana. Mlipe yote. Kama huna yote, mpe ulicho nacho leo na umtajie siku ya kumalizia. Halafu umwombe msamaha kwa jina lake, watoto wakisikia, kwa kuwa matusi nayo waliyasikia. Usimweleze umechoka kiasi gani, wala usitaje shetani. Sema "nimekukosea", unyamaze. Akikujibu "yameisha" huku anaangalia chini, usidhani yameisha. Atakupima kwa miezi.

Kuhusu maneno kukauka, hapo naona unajihukumu bure. Kutosikia kitu moyoni si unafiki. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miaka mingi hakuhisi uwepo wa Mungu, na bado kila siku aliamka akaenda kuwahudumia maskini. Mnafiki ni yule anayejifanya anahisi. Kwa hiyo funga mlango wa chumba chako, ukae dakika tano, na kama huna la kusema mwambie Mungu huna la kusema. Hiyo nayo ni sala, na huenda ikawa ya kweli kuliko zote ulizosali mwaka huu.

Jumapili nenda kanisani kama kawaida. Zamu yako ya kuomba ikifika, omba kwa ufupi, kwa sauti ileile unayoombea chumvi mezani.

Shangazi